Ufa Tuliouziba

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Basi sisi tuliuziba.

Alikuja mhandisi kutoka Granada, viatu vipya,
akautembea mfereji siku tatu na vipimo vyake,
akatuambia, kalamu sikioni:
nusu ya maji yenu huishia njiani.
Nusu! Tukashika vichwa.
Tukamchinjia mbuzi.

Mabomba yakapanda mlima kwa lori, meusi,
yakalazwa ndani ya mfereji kama maiti kaburini,
na maji yakaanza kushuka kama barua ya serikali:
yamefungwa, yamepigwa muhuri, hayasalimii mtu.
Miaka minne tulijiona matajiri.
Mimi nilipanda nyanya mpaka mlangoni.

Mwaka wa tano mijozi ikaanza kukauka, kuanzia kileleni.
Hakuna aliyewahi kuimwagilia.
Hakuna aliyewahi kuuliza inakunywa wapi.
Kisha chemchemi ya bondeni, pale Engracia alipofulia
mashuka ya wanawe saba,
ikawa inatema mate tu,
ikakohoa wiki mbili,
ikanyamaza.

Theluji nayo si ile.
Mama aliihesabu kwa miezi, mimi naihesabu kwa siku:
huja kama mgeni aliyeacha teksi inanguruma nje,
hata kofia havui.

Sitasema tulikaa tukafikiri. Hatukufikiri.
Ni nguruwe mwitu.
Jike, na watoto wake, usiku mmoja wa Februari,
alinusa unyevu kwenye kiungo cha bomba huko juu,
akachimba, akang'ata, akapasua;
na kwa kuwa njia ilishikwa na barafu, na Primitivo ana goti bovu,
na fedha za chama zilikwisha kulipia mabomba hayo hayo,
tuliyaacha maji yamwagike mawemawe mpaka Mei.
Tulimlaani nguruwe yule kanisani na baa.

Julai, tarehe kumi na tisa, joto la kuua nzi,
mjukuu wa Engracia akaja mbio, miguu imelowa.
Imelowa!
Chemchemi ilikuwa imerudi,
baridi, ikinukia mwamba,
maji ya Februari yaliyotembea miezi mitano gizani
kwa njia yanayoijua yenyewe.

Kumbe kule kupotea ndiko kulikuwa kazi.
Mlima ndio uliokuwa birika letu
na sisi tuliutia kizibo.
Waliochimba mfereji huu walijua. Walifukuzwa,
sasa karne nne na ushei, bila ruhusa ya kubeba hata jembe,
ila maneno yao yalibaki midomoni mwetu
yakivuja polepole: zaituni, limau, birika.

Tumeng'oa mabomba. Si yote. Primitivo kakataa,
ana miparachichi mia mbili na mkopo wa benki,
na ningekuwa yeye, sijui.
Hatusalimiani tangu Pasaka.
Nyanya nimeziacha. Nalima dengu, na ngano ya masuke mafupi
ambayo bibi aliiita chakula cha shida.
Kila mwisho wa baridi tunapanda na sepetu,
tunafagia majani, tunainua bamba la jiwe,
tunayaelekeza maji pale mlima ulipopasuka
na kuyatazama yakizama.
Mwanangu hupiga simu toka Almería, toka kwenye mahema ya plastiki,
huuliza tunapata asilimia ngapi.
Namwambia, subiri.
Hapendi neno hilo. Hata mimi silipendi.

Mwaka huu theluji ilikuwa ya kiganja tu.
Tumeizika yote.
Leo ni mwisho wa Juni. Kila jioni nashuka bondeni
naweka sikio kwenye mwamba
kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani,
sisikii kitu.
Ila leo nimeona nyayo za nguruwe kwenye tope
na nimesimama hapo muda mrefu, nikizitazama:
nyayo, kwenye tope.
Basi lipo tope.